Mgonjwa wa figo sugu: linda kilichobaki

Chujio la figo likishakufa halifufuki. Dawa haziliamshi, chakula hakiliamshi, na mashine ya kusafisha damu hufanya sehemu tu ya kazi yake. Kwa sababu hiyo naiona kazi ya muuguzi hapa kuwa ni ulinzi: kulinda sehemu ya figo ambayo bado inachuja, kulinda mishipa ya damu itakayotakiwa baadaye, kulinda moyo. Wagonjwa wengi huporomoka kwa sababu ya vitu vidogo mno, kama kanula (mrija mdogo wa dripu) iliyowekwa mkono usiofaa, kidonge cha maumivu cha wiki mbili, au dripu iliyoachwa itiririke usiku kucha bila mtu kuihesabu.

Ugonjwa huitwa sugu pale kasoro inapodumu miezi 3 au zaidi. Kasoro yenyewe ni kasi ya uchujaji (GFR) iliyo chini ya mililita 60 kwa dakika kwa eneo la mwili la mita za mraba 1.73, au ushahidi mwingine wa figo kuumia, hasa albumini, protini ya damu, kwenye mkojo. GFR ya 45 hadi 59 ni hatua ya 3a, 30 hadi 44 ni 3b, 15 hadi 29 ni ya 4, na chini ya 15 ni ya 5. Usiridhike na kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo, peke yake. Mzee mwembamba mwenye misuli michache anaweza kuwa na kreatinini inayoonekana nzuri kwenye karatasi huku figo zake zikichuja nusu ya inavyotakiwa. Albumini nayo hupimwa kwa kuilinganisha na kreatinini ya mkojo uleule: chini ya miligramu 30 kwa gramu ni sawa, 30 hadi 300 imepanda, zaidi ya 300 imepanda sana. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo, hedhi na mazoezi makali hupandisha kipimo hiki kwa muda, kwa hiyo jibu baya la mara ya kwanza hurudiwa kabla ya kumtia mtu hofu.

Kwenye presha ndiko tunakokosea zaidi, na kosa huanzia kwenye kupima. Mgonjwa akojoe kwanza, akae dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga sakafu, mkono umelazwa usawa wa moyo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu isiyo ya kweli, na mgonjwa huongezewa dawa asiyoihitaji. Lengo kwa wengi ni chini ya 130/80. Miongozo ya KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, ya mwaka 2021 ilishuka hadi namba ya juu iwe chini ya 120, kwa sharti kwamba presha ipimwe kwa utaratibu sanifu wa aina hii. Ukipima kwa haraka mlangoni, usilifukuzie lengo hilo. Utamwangusha mgonjwa chooni.

Dawa za kundi la enalaprili na za kundi la losatani hushusha presha ndani ya chujio lenyewe na kupunguza albumini inayovuja, ndiyo maana hupewa kipaumbele albumini ikiwa juu. Kundi moja linatosha. Ukiyachanganya yote mawili unaongeza hatari ya potasiamu kupanda na figo kuumia ghafla. Wiki 2 hadi 4 baada ya kuanza, au baada ya kuongeza dozi, pima kreatinini na potasiamu. Kreatinini ikipanda hadi asilimia 30 ndani ya wiki 4 hilo linatarajiwa, na dawa haisimamishwi kwa sababu hiyo. Ikipita hapo, uliza maswali kabla ya kulaumu dawa: ameharisha? Ametapika? Anakunywa diklofenaki kisirisiri? Dozi ya furosemidi, dawa ya kukojoza, imemkausha? Yote yakikosekana, daktari atafikiria ateri ya figo iliyobana. Kikohozi kikavu cha enalaprili kinasumbua lakini si hatari, na kubadilisha kwenda losatani hukiondoa. Uvimbe wa midomo na ulimi ni dharura, na mgonjwa huyo haendelei na dawa hiyo hata siku moja. Mwanamke anayeweza kushika mimba aambiwe waziwazi kwamba dawa hizi hudhuru mtoto tumboni.

Dapagliflozini na empagliflozini, miligramu 10 mara moja kwa siku, zimebadilisha sana matibabu ya figo, hata kwa asiye na kisukari. Kwa kawaida huanzishwa GFR ikiwa 20 au zaidi. Uuguzi wake uko kwenye mambo mawili. La kwanza ni usafi wa sehemu za siri, kwa kuwa sukari inayotoka na mkojo hulisha fangasi. La pili ni siku za ugonjwa: mgonjwa akitapika, akiharisha, asipoweza kula, au akifunga kwa ajili ya upasuaji, dawa husimamishwa hadi ale na kunywa kama kawaida. Bila hivyo damu yake inaweza kujaa asidi ya ketoni huku sukari ikiwa haijapanda sana, na asiyelijua jambo hili atatazama kipima sukari na kusema mgonjwa yuko salama.

Metfomini, kidonge cha kisukari, hupunguzwa GFR ikishuka chini ya 45 na kuachwa ikifika chini ya 30. Kuna jambo ambalo familia nyingi hulifurahia kimakosa: mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake inaanza kutulia yenyewe na mahitaji yake ya insulini yanashuka. Figo husaidia kuiondoa insulini mwilini. Zikichoka, insulini hukaa muda mrefu zaidi, na dozi ileile ya zamani humshusha sukari usiku. Mgonjwa wa namna hii apimwe figo upya, na glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, aiache.

Kuhusu dawa nyingine, nianze na zile zinazopatikana bila cheti. Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio; mgonjwa anayetumia pia losatani na dawa ya kukojoza anaweza kuacha kukojoa ndani ya siku chache. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Mchanganyiko wowote wa mitishamba usiojulikana kilichomo usitumike. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini, na dawa za kufungulia choo zinazoingizwa kwa nyuma zenye fosfeti, ni mbaya kwa hatua za mwisho, kwani figo haziwezi kuyatoa madini hayo. Antibayotiki ya jentamaisini ikilazimika kutumika, dozi na muda hupangwa kwa GFR na kipimo cha dawa kwenye damu.

Uzito wa kila siku una thamani kuliko chati ya maji iliyojazwa kwa kukisia. Pima asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya kifungua kinywa, nguo zilezile, mizani ileile. Kilo 1 iliyoongezeka ndani ya siku moja ni takribani lita 1 ya maji, kwani hakuna anayenenepa kwa kasi hiyo. Mgonjwa anayekojoa vizuri katika hatua ya 3 hahitaji kunyimwa maji. Anayenyimwa ni yule aliyevimba au ambaye mkojo wake umepungua, na kanuni ya kawaida ni mkojo wa saa 24 zilizopita ukijumlisha mililita 500. Akikojoa mililita 400 jana, leo ana mililita 900. Humo mna chai, supu, uji, barafu, maji ya kumezea vidonge, na dripu za dawa. Antibayotiki ikichanganywa kwenye mililita 100 mara tatu kwa siku, theluthi ya kiasi chake imekwisha kabla hajanywa hata funda moja. Muulize mfamasia kama dawa hiyo inaweza kuchanganywa kwa maji machache.

Ila maji hayazuiliki kama chumvi haijazuiwa. Kiu hufuata chumvi, na kumkataza mtu maji huku chakula chake kikiwa na chumvi nyingi ni kumtesa bure. Kiasi kisizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate, vyakula vya kopo na viungo vya supu vya pakiti. Tahadhari na chumvi mbadala zinazouzwa kama chumvi za afya. Nyingi zimetengenezwa kwa kloridi ya potasiamu, na kwa mgonjwa wa hatua ya 4 au 5 hiyo ni sumu.

Hapo tunafika kwenye potasiamu, madini yanayoua bila kubisha hodi. Mgonjwa anaweza kulalamika udhaifu wa miguu au moyo kurukaruka, au asilalamike chochote. Kabla ya kukimbia, hakikisha sampuli ni nzuri. Mkanda uliofungwa muda mrefu, mgonjwa kukunja ngumi mara nyingi, au damu iliyovutwa kwa nguvu kwenye sindano nyembamba huitoa potasiamu ndani ya seli na kuleta jibu la juu la uongo. Hata hivyo usisubiri sampuli ya pili kama kipimo cha umeme wa moyo (ECG) tayari kinaonyesha mawimbi ya T yaliyochongoka, QRS iliyopanuka, au mapigo ya taratibu.

Potasiamu ya 6.5 mmol/L na zaidi, au ECG iliyobadilika, ni dharura, na mpangilio wa tiba una sababu zake. Kwanza kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10 hadi 30 kulingana na mwongozo wa hospitali, polepole kwenye mshipa huku moyo ukiangaliwa kwenye skrini. Kalsiamu haishushi potasiamu hata kidogo; hutuliza moyo ndani ya dakika chache, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja hivi. Usiipitishe kwenye mrija wenye bikaboneti, itaganda kama chokaa. Kisha insulini ya kazi fupi yuniti 10 pamoja na gramu 25 za glukosi, ambazo ni mililita 50 za glukosi ya asilimia 50. Hii huisukuma potasiamu ndani ya seli kuanzia dakika 15 hadi 30, na athari yake hudumu saa 4 hadi 6. Salbutamoli ya kuvuta ya miligramu 10 hadi 20 husaidia njia hiyohiyo, ingawa kwa mwenye ugonjwa wa moyo hutolewa kwa uangalifu. Kosa la kawaida huja baadaye: glukosi huisha haraka, insulini kwa mgonjwa wa figo hudumu, na sukari huporomoka saa mbili au tatu baada ya kila mtu kupumua. Pima sukari mara kwa mara kwa angalau saa 6. Na kumbuka potasiamu iliyosukumwa ndani ya seli itatoka tena. Bado inahitaji kuondolewa mwilini kwa mkojo, kwa choo kwa kutumia dawa za kuinasa, au kwa mashine.

Kwa chakula, sikubaliani na karatasi zinazogawiwa kila mgonjwa wa figo zikikataza ndizi, machungwa, nyanya, viazi na parachichi kwa pamoja. Mwenye potasiamu ya 4.2 hana sababu ya kunyimwa matunda. Zuia kwa aliye juu, na kwanza tafuta sababu nyingine: dawa, asidi kwenye damu, choo kigumu. Viazi na mboga zikikatwa vipande vidogo, zikachemshwa kwa maji mengi na maji yale yakamwagwa, hupoteza sehemu kubwa ya potasiamu. Supu ya maji hayo isinywewe. Protini kwa asiyesafishwa damu katika hatua ya 3 hadi 5 ni kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito. Akianza mashine hupanda hadi 1.0 mpaka 1.2. Mabadiliko haya wengi hawaambiwi. Mgonjwa huendelea kujinyima nyama na mayai kama zamani, misuli inaisha, na uzito unaoshuka unafichwa na maji.

Sasa mishipa. Mgonjwa yeyote wa hatua ya 3b kwenda juu mchukulie kuwa siku moja atahitaji fistula, yaani mshipa wa mkono ulioandaliwa kwa ajili ya mashine. Toa damu na weka kanula mgongoni mwa kiganja, uepuke vena za mkono wa mbele na za kwenye kiwiko, hasa kwenye mkono asioutumia zaidi. Kanula moja iliyovimbisha vena ya mkono wa mbele inaweza kuifunga moja kwa moja. Katheta ndefu zinazopitishwa kwenye vena ya mkono hadi karibu na moyo zikwepwe pia. Mfundishe mgonjwa mwenyewe akatae, kwa adabu, maana yeye ndiye atakayekuwa macho zamu ikibadilika.

Fistula ni ateri iliyounganishwa na vena ili vena inenepe. Inahitaji wiki kadhaa, mara nyingi miezi, kukomaa, kwa hiyo upasuaji usisubiri mpaka mgonjwa anatapika kwa sumu za damu. Kuna kipimo rahisi cha sita: baada ya wiki 6 hivi, damu ipite mililita 600 kwa dakika, upana ufike milimita 6, na kina kisizidi milimita 6 chini ya ngozi. Kila siku mgonjwa aweke vidole ahisi mtetemo. Ukipotea, aende hospitali siku hiyohiyo. Saa chache ndizo zinazoamua kama bonge la damu litatolewa au fistula imekufa. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu ya vipimo, haulaliwi, haubebi mfuko unaobana. Vidole vikiwa baridi, vyeupe na vyenye maumivu, fistula inaiba damu ya kiganja na daktari wa upasuaji anahitajika.

Kuchoma sindano nako kuna ufundi. Osha mkono kwa sabuni, safisha ngozi kwa klorheksidini na uiache ikauke. Sindano ya ateri, inayopeleka damu kwenye mashine, ikae angalau sentimita 3 kutoka kwenye muungano, na ncha za sindano mbili ziachane kama sentimita 5, la sivyo damu iliyosafishwa inarudi kwenye mashine ileile. Badilisha sehemu kila kikao ukipanda kama ngazi. Kuchoma palepale kila mara kwa sindano kali, kwa sababu pamekufa ganzi, ndiko kunakozaa vivimbe vinavyoweza kupasuka. Ukimaliza, chomoa sindano yote kwanza ndipo ubonyeze, kwa vidole viwili, dakika 10 bila kuchungulia. Kubonyeza sindano ikiwa ndani huchana ukuta wa mshipa.

Kwa mwenye katheta ya shingoni, muuguzi na mgonjwa wote wavae barakoa kabla ya kifuniko kufunguliwa. Sugua mdomo wa katheta kwa dawa na usubiri ukauke. Vuta na utupe dawa iliyofungiwa ndani kabla ya kusukuma chochote: heparini ile, dawa ya kuzuia damu kuganda, ikiingia mwilini kwa mkupuo mgonjwa anaweza kuvuja damu. Katheta hii haitumiki kwa dripu za kawaida wala sampuli za haraka. Homa au kutetemeka kwa mwenye katheta ni maambukizi ya damu mpaka ithibitishwe vingine, na damu ya kuotesha vijidudu maabara huchukuliwa kabla ya antibayotiki.

Kikao cha kawaida ni saa 4, mara 3 kwa wiki. Cha kwanza kabisa huwa kifupi, kama saa 2, kwa mwendo mdogo wa damu wa mililita 150 hadi 200 kwa dakika. Ukiondoa urea kwa haraka kwa mtu aliyekaa nayo miezi, ubongo huvuta maji: kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa, anaweza kupata degedege. Baadaye tatizo kubwa ni presha kushuka katikati ya kikao, na mara nyingi sababu ni tamaa ya kutoa maji mengi kwa muda mfupi. Piga hesabu kabla: mgonjwa wa kilo 60 aliyekuja na lita 3 za ziada, kwa saa 4, anatolewa mililita 750 kwa saa, ambayo ni 12.5 kwa kila kilo. Juu ya 13 ni bora kurefusha muda. Akianza kupiga miayo, kutoka jasho au kunyamaza ghafla, simamisha utoaji wa maji, mlaze miguu juu, mpe mililita 100 hadi 200 za salaini, kisha tafuta sababu. Dawa za presha alizomeza asubuhi? Mlo mzito akiwa kwenye mashine? Uzito mkavu, yaani usio na maji ya ziada, uliopangwa miezi iliyopita kabla hajanenepa? Kushusha joto la maji ya mashine hadi nyuzi 36 huwasaidia wengi. Usisahau maumivu ya kifua. Presha iliyoshuka inaweza kuwa moyo wenyewe.

Hewa ikiingia kwenye mzunguko, ziba mrija wa vena, simamisha pampu, mlaze ubavu wa kushoto kichwa kikiwa chini, mpe oksijeni. Mpangilio ni huo. Kumwita daktari kabla ya kuziba mrija ni kuiruhusu pampu iendelee kusukuma hewa.

Anayesafishwa kupitia tumboni hubadilisha maji kama mara 4 kwa siku, lita 2 kila mara. Alama yake ya hatari ni moja anayopaswa kuijua hata usingizini: maji yaliyotoka yakiwa na ukungu ni maambukizi. Alete mfuko huohuo. Seli nyeupe zaidi ya 100 kwa mikrolita, na zaidi ya nusu zikiwa neutrofili (aina ya seli nyeupe), zinathibitisha. Maji yakigoma kutoka, kabla ya kufikiria katheta imehama, uliza lini alipata choo. Utumbo uliojaa huibana katheta, na dawa ya kulainisha choo mara nyingi humaliza tatizo.

Upungufu wa damu hutibiwa kwa kuanza na madini ya chuma. Sindano ya erithropoietini, homoni inayochochea mwili kutengeneza damu, bila chuma ni fedha iliyomwagwa. Lengo ni hemoglobini ya kama gramu 10 hadi 11.5 kwa desilita. Kuipandisha juu ya 13 kwa sindano hizi huongeza kiharusi. Dawa hii hukaa kwenye jokofu nyuzi 2 hadi 8, haitikiswi, na haitolewi presha ikiwa imepanda sana. Kuongezewa damu kuepukwe panapowezekana kwa anayesubiri kupandikizwa figo, kwa sababu kinga yake hujifunza kukataa viungo vya wengine. Ikilazimika, na mgonjwa yuko kwenye mashine, damu itolewe wakati wa kikao ili maji na potasiamu ya ziada viondolewe palepale.

Vidonge vya kunasa fosfeti, kama kalsiamu kaboneti, hutafunwa na chakula. Vikimezwa tumbo tupu havina cha kunasa. Viachane na vidonge vya chuma na antibayotiki ya siprofloksasini kwa saa 2. Muwasho wa ngozi unaomnyima mtu usingizi anza kuutibu kwa kunasa fosfeti, pamoja na mafuta mazito mara baada ya kuoga maji ya vuguvugu, na kucha fupi.

Chanjo ya homa ya ini B itolewe mapema, kabla ya mashine, kwani mwili uliojaa sumu huitikia chanjo kwa uvivu. Walio kwenye mashine hupewa dozi maradufu, na kinga hupimwa mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho. Ikiwa chini ya 10 mIU/ml, chanjo hurudiwa.

Kwa anayechagua kutoingia kwenye mashine, uuguzi hauishi, na maumivu yake yasitibiwe kwa pethidini, ambayo mabaki yake hujikusanya na kuleta degedege. Mofini nayo hujikusanya. Fentanili ni salama zaidi, na gabapentini kwa miguu isiyotulia huanza na miligramu 100 usiku. Ukimkuta mchana anasinzia katikati ya sentensi au mikono inarukaruka, dozi imezidi: punguza kabla ya kuamini kwamba ni ugonjwa umefika mwisho.